Pikapu Iliyompeleka Bibi Sur

Harufu ya klachi inayoungua huwaumiza wengine kichwa. Miye hunichekesha. Juzi nilikuwa napandisha mlima na watoto wangu nyuma, lori mbele yetu limezidiwa na mzigo, na harufu ile ikaingia dirishani: kali, ya mpira na nywele zilizoshika moto. Binti yangu akaziba pua kwa mtandio. Miye nikateremsha kioo mpaka chini. "Mama, unanusa nini?" Nikamwambia nanusa Ibra. Akanitazama kwa ule mtazamo wa watoto wa siku hizi, unaotaka kukupeleka hospitali. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokulia Sharqiyah ya Oman katika nyumba ambazo Kiswahili kilikuwa cha ndani na Kiarabu cha barazani, mtanivumilia nikieleza.

Nyumba yetu ya Ibra ilikuwa ya Baba kwa karatasi na ya Bibi kwa amri. Baba akisomesha Kiingereza skuli ya wavulana, Mama alikuwa muuguzi hospitalini, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa serikali. Yeye alizaliwa Ujiji, Mama alizaliwa Unguja, na baina ya Ujiji na Unguja palikuwa na ubishi wa kila siku pale jikoni petu. Mama akisema watu wa bara hawajui kutia nazi. Bibi akimjibu kuwa watu wa Unguja wangeachiwa wangetia nazi hata kwenye chai. Wakibishana hivyo huku mmoja anamenya vitunguu vya mwenziwe, na Baba akipita mlangoni kimya kimya asije akaitwa kutoa hukumu.

Miye Bibi alikuwa haniiti jina langu. Akiniita "mke mwenzangu", kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kike, ingawa mume tuliyekuwa tukimgombania alishafariki kabla sijazaliwa. Jioni akinikalisha ukumbini akinisuka, na hadithi yake kubwa ilikuwa ya siku waliyoondoka Ujiji. Hakuwa akiieleza kwa kulia. Aliieleza kama mtu anayekagua stoo: kitanda cha samadari kilibaki, cherehani ilibaki, kinu kilibaki na mchi wake ndani. Jirani hawakuambiwa, maana siku za kuondoka hazitangazwi. Walitoka alfajiri kama watu wanaokwenda harusini. Na akishamaliza nywele zangu humalizia na hadithi: "Nyumba, mke mwenzangu, haibebeki. Ingekuwa inabebeka, ningeibeba." Miye nikiyaamini maneno hayo kama ninavyoamini kuwa jua linatoka mashariki.

Bibi alikuwa na mdogo wake mmoja, Bi Zuhura, aliyeolewa Sur. Mama yao alifariki Bi Zuhura akiwa mchanga, kwa hiyo Bibi ndiye aliyemlisha, aliyemsuka, aliyemwoza. Waliobaki duniani wa tumbo lile walikuwa wao wawili tu. Kila Idi Bi Zuhura alikuja Ibra na samaki wake wa chumvi na kicheko chake kikubwa, na miye nikidhani ndiyo kawaida ya mambo, kwamba Sur ndiyo huja Ibra na Ibra haiendi popote.

Kisha mume wa Bi Zuhura akafariki. Baba na Mama wakaenda kwenye azaa, matanga ya siku tatu. Bibi hakwenda, alisema mguu unamuuma. Siku zile tatu alishinda juu ya msala wake, tasbihi mkononi, chakula hakigusi. Bi Zuhura akaingia eda, na mwenye eda hatoki nyumbani kwake. Mwenye eda hufuatwa. Kila aliye wake huja akamhani, akakaa naye, akalia naye, na siku zikisogea akamchekesha kidogo, hata miezi minne na siku kumi imalizike. Na wa kwanza kufika alipaswa kuwa Bibi, aliyekuwa dada na mama kwa pamoja. Miezi ikaanza kupita na Bibi hajaonekana Sur.

"Eda ikimalizika atakuja yeye," Mama alimwambia siku moja, akijaribu kumpoza.

"Mfiwa akafuate pole kwa mtu?" Bibi akamjibu. "Ikifika hapo bora mniambie nimekufa miye."

Mguu wa Bibi ulikuwa mzima, mkongojo wake ni wa uzee tu, na hilo nilikuja kuambiwa na Mama nimeshazaa mwenyewe. Bibi alikuwa hawezi kujizuia. Baada ya kila kitambo kidogo lazima aende chooni, na akichelewa anaaibika. Na njia ya Ibra mpaka Sur siku zile ilikuwa jangwa, mawe na miti ya mighafu, vituo vya petroli vya kutafuta kwa tochi, na vyoo vyake hata madereva wa malori walivikimbia. Bibi, mwanamke asiyepita mbele ya mwanamume mpaka ajifunike mara mbili, achuchumae kando ya barabara kuu? Afadhali kaburi. Basi alisema mguu, na sisi sote tukasema mguu.

Ndipo Baba akaleta karavani. Ilikuja juu ya lori, kutoka kampuni moja ya barabara iliyokuwa imemaliza kazi yake huko jangwani na kuuza vitu vyake. Nyumba nyeupe ya bati jepesi, dirisha mbili, mlango mmoja, na chini yake magurudumu. Ikawekwa uani karibu na banda la mbuzi. Kila alasiri Baba akitoka skuli anajifungia ndani yake na nyundo na misumeno, na majirani wanakuja kuegemea ukuta. "Ustadh, unafungua mgahawa?" "Ustadh, unahamia Salala?" Baba akijibu inshallah kwa kila swali, jibu ambalo lilimridhisha kila mtu isipokuwa miye.

Kwa sababu miye nilishaelewa. Nyumba imepatikana inayobebeka. Kwa nini mtu atafute nyumba ya kubebeka kama hataki kuondoka? Na kwa nini Baba asiseme ni ya nini, kama si kwa sababu siku za kuondoka hazitangazwi? Nikaona hata Bibi anavyokaa akitazama mlango bila ya kula, nikasema naam, huyu anajua, alishaona mambo haya zamani. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa mtoto wa watu waliohama, nilijua adabu ya kuhama.

Nikaanza kujitayarisha. Thuraya, rafiki yangu wa darasani, nilimpa kalamu zangu za rangi, akashangaa akafurahi. Nikapita kila chumba nikakiangalia vizuri, na machozi yangu niliyaweka kwa ajili ya mbuzi, maana mbuzi wasingeingia kwenye karavani, nilishapima kwa macho. Chini ya kiti cha mle karavani nikaficha viatu vyangu vya Idi, kioo cha Mama na mchi wa jikoni. Mchi ni kwa sababu ya Bibi, safari hii asije akauacha tena. Mama aliutafuta mchi ule mpaka akamshutumu Baba kuwa ameufanya nyundo.

Baba naye alikuwa na shida yake. Mtoto wa kiume hamwambii mamake, "Nimekutengenezea choo." Mama ndiyo kabisa, yeye ni mkwe, ingawa muuguzi. Wakangoja Bibi aingie mwenyewe aone, na Bibi hataki hata kuisogelea. "Anayetaka kuishi kwenye kopo la maziwa aishi," alisema. Kwa hiyo karavani ikakaa uani, kila mtu mzima akingoja mwenziwe aseme, na miezi ya eda inakwenda.

Aliyemwingiza Bibi ndani ni miye. Nilimshika mkono alasiri moja nikamwambia, "Bibi, njoo uchague kitanda kabla Mama hajachagua." Kwa kugombania kitanda na Mama, Bibi angeingia hata pangoni. Akapanda ile ngazi fupi, akakaa kwenye godoro, akalipiga piga, akasema gumu. Akafungua kabati, akafunga. Kisha akafungua kile kimlango cha pembeni.

Palikuwa na choo kidogo cha kukalia, ndoo ya maji na kata yake, kijidirisha juu kabisa kisichochunguliwa na mtu, na ukutani, pande zote mbili, vyuma vya kushikia. Vyuma vile viliwekwa chini mno. Baba mrefu visingemfaa, na Mama asingevihitaji. Vilikuwa usawa wa mkono wa Bibi. Akakishika kimoja, akakitingisha, kikakaa imara. Akabaki amekishika, mgongo amenipa, miye nikadhani choo hakikumpendeza.

"Kamwite baba yako," akasema.

Baba akaja, akasimama chini ya ngazi na kofia mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bibi hakusema neno la choo. Aliuliza tu, "Sur tunakwenda lini?"

"Alkhamisi, Mama, inshallah," Baba akasema, akaivaa kofia yake.

Sasa nieleze gari tuliyokuwa nayo. Ilikuwa pikapu ndogo ya buluu, ya kebini moja, injini yake ndogo lakini mtiifu. Ndiyo gari ya kwanza ya Baba. Alipofika Oman kutoka bara, Kiarabu chake kilikuwa cha Qurani tu, na watu wakimcheka sokoni kwa kuomba nyanya kama anayetoa hotuba. Ile pikapu ndiyo iliyompa heshima. Ndani yake alimleta Mama arusi kutoka Maskati, ndani yake miye nililetwa kutoka hospitali nimefunikwa shali. Alikuwa akiiosha kila Ijumaa kabla ya sala na akiizungumza kama mtu. "Leo kakohoa," husema, au, "Hapendi petroli ya kituo kile." Mama akisema laiti angalizaliwa pikapu.

Alkhamisi Baba akaifunga karavani nyuma yake, na papo hapo pikapu ikakaa matako chini, pua juu, taa zinaangalia mbingu. Mama akaizunguka. "Huyu ataweza?" "Ataweza," Baba akasema, "ni suala la kwenda taratibu." Tukajibanza mbele, Baba, Bibi na Mama, na miye juu ya magoti ya Mama, tukaondoka. Nikaiaga Ibra kimoyomoyo: minara, mitende, mfereji wa falaji tuliokuwa tukitia miguu. Nilijikaza nisilie kwa sababu watu wazima hawakuwa wakilia.

Mpaka Bidiya tulikwenda vizuri, ukiita kwenda. Malori yalitupita, na mwendesha baiskeli mmoja karibu atupite. Kisha upepo ukatoka upande wa mchanga, karavani ikaanza kutuyumbisha, kulia, kushoto, kulia, na Baba akaacha kuzungumza. Mbele zaidi, barabara inapoingia baina ya vilima, pikapu ikalemewa. Injini inanguruma na gari haiendi. Moshi ukatoka chini, na harufu ile ikajaa kebini. Halafu nikaona jiwe la kando ya barabara, lililokuwa nyuma yetu, linakuja mbele. Tulikuwa tunarudi kinyumenyume, na karavani ndiyo inayotuvuta.

Baba akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mama akanisukuma, akafungua mlango, akaruka, na nikamwona mama yangu, muuguzi mstaarabu wa Unguja, anakimbia na jiwe kubwa amelikumbatia kama mtoto, analisukumia nyuma ya tairi. Akalifuata la pili. Gari ikasimama. Bibi alikuwa anasoma kwa sauti kila dua aliyoijua.

Na miye, nisiwafiche, moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Hatuhami. Nyumba imekataa. Nilianza hata kuwazia namna ya kumwomba Thuraya anirudishie kalamu.

Aliyetuokoa ni mwanamke. Tulisikia injini nzito, na pikapu kubwa ya rangi ya mchanga ikasimama mbele yetu, nyuma ina tangi la maji na jike la mbuzi limefungwa juu yake. Akashuka mama wa kibedui, mrefu, barakoa usoni, kandambili miguuni. Wale wa Bidiya mnajua kuwa wanawake wao wa jangwani huendesha kuliko wanaume, lakini Bibi alikuwa hajawahi kuona, akabaki kinywa wazi. Jina lake Umm Said. Akaangalia karavani, akaangalia pikapu yetu, akamwambia Baba kwa Kiarabu, kwa upole tu, kama anayemwambia mtu shati lake limekaa upande: "Ustadh, umemfunga mbuzi akavute ngamia."

Akatufunga kamba, akatuvuta sote mpaka kwake, ukingoni mwa mchanga nje ya Bidiya. Palikuwa na nyumba ya matofali, na kando yake banda la makuti ambalo ndimo walimoishi hasa. Tukapewa kahawa na tende, na maziwa ya ngamia ambayo Mama aliyanywa kwa adabu huku jicho linamtoka. Ndipo nilipogeuka nikaona Bibi analia. Machozi yanashuka tu, hata hayafuti.

Nikamwendea nikamnong'oneza sikioni, "Usilie, Bibi. Hatuhami tena."

"Nani anahama?"

"Sisi. Si nyumba inabebeka sasa."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, machozi bado yanatoka, kicheko kinamtikisa mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanga. Alipopata pumzi akanivuta akanikalisha mapajani, nilivyokuwa mkubwa hivyo. "Sikiliza, mke mwenzangu. Sihami mimi, nimeshahama kwa zamu yangu na yako. Nilikuwa nakwenda kumhani mdogo wangu. Yumo ndani peke yake, amefiwa, na kila mlango ukibishwa anadhani ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Na sijenda. Basi hilo ndilo linaloniliza."

Furaha yangu yote ya pale kilimani ikawa kama chakula ulichokula kumbe cha mgonjwa. Nikamwuliza, "Sasa utakwendaje?" Akasema, "Mungu anajua," na kwa kawaida Bibi akisema Mungu anajua huwa na maana kuwa na yeye ana habari kidogo. Safari ile alikuwa hana.

Umm Said aliona yote hayo bila ya kufahamu Kiswahili chetu. Akamwuliza Mama, na Mama akamweleza habari ya eda, la choo akalifunika vizuri. Umm Said akatingisha kichwa kwa muda. Yeye pia, akasema, aliwahi kukaa eda, dada yake alikuwa kwenye mahema ya mbali, na siku dada alipokuja, yeye alisikia mlio wa gari kabla mbwa hawajausikia. Akageuka kwa Baba. "Kupanda si tatizo. Hata punda atapanda ukimpiga. Lakini baada ya kilima kile kuna mteremko, na nyumba hii ingekusukuma mpaka baharini. Unataka gari ya kukushika. Mimi nina mbili. Hii kubwa nitakupa, na wewe nipe yako, inanitosha kwenda kwenye mbuzi."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Baba akashukuru, akasema atafikiria. Tukaiacha karavani pale, Umm Said akatupandishia Bibi kwenye gari yake mpaka Ibra, kwa kusimama simama kwenye nyumba za jamaa zake wa kike njiani, na Baba akairudisha pikapu yetu polepole, ikinuka njia nzima.

Na akafikiria. Akabadilisha klachi mwenyewe. Akasema labda springi nene zaidi. Labda safari ya asubuhi, injini haijapata joto. Siku zikawa zinapita, na Bibi ameacha kuuliza, jambo lililotutisha kuliko maulizo. Miye ndiyo nimegeuka, kutwa namfuata Baba kama karani: "Tunakwenda Bidiya lini? Gari ya Umm Said bado ipo?" Nilishamrudishia Mama mchi wake, nilichotaka sasa ni kuona nyumba ile inaondoka.

Mama ndiye aliyelimaliza. Baba alikuwa uani anapangusa vioo vya pikapu, na Mama yuko mlangoni amevaa nguo za kazi, anangoja kupelekwa zamu.

"Unajua gari hii ilivyonifanya mtu hapa," Baba akasema, bila ya kuulizwa.

"Najua. Nimeolewa ndani yake."

"Basi."

"Gari ilikufanya mtu, Mwalimu, sikatai," Mama akasema. "Na aliyekuzaa nani?"

Baba akaendelea kupangusa. Kioo kilikuwa kimetakata zamani. Kisha akakunja kitambaa, akakiweka mfukoni, akamwambia apande. Alipokwisha kumshusha hospitalini hakurudi nyumbani, alikwenda Bidiya moja kwa moja.

Umm Said hakumpa ufunguo papo hapo. Alilijaza maji tangi lake mpaka juu, akamkalisha Baba kwenye usukani wa pikapu kubwa, akakaa pembeni yake, akampeleka kwenye mteremko wa mawe akamwambia simama. Tena. Simama. Tena, bila ya kuchoma breki, kwa gia. Baba alituhadithia jioni yake akiwa amejaa vumbi mpaka kope, na usoni ana haya za mvulana. "Gari ile hujui kama una mzigo," akasema. "Unaikanyaga breki inakaa chini yote, kama mama mtu mzima anavyokaa." Injini yake ilikuwa ya mitungi sita, chasisi nene, tairi pana, kebini mbili hata miye nilikuwa na kiti changu. Ilikuwa kuukuu, ina mikwaruzo ya pembe za mbuzi na harufu yao haikutoka maisha. Baba hakuwahi kuizungumza kama mtu. Lakini asubuhi ya safari nilimwona anaipiga begani mara moja, kwa siri, kama unavyompiga mgeni unayeanza kumzoea.

Eda ilikuwa imebakisha siku chache. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukaifunga karavani Bidiya, na safari hii pua ya gari haikupanda. Ilikaa sawasawa. Upepo wa mchanga ulikuja kama mwanzo, karavani ikatingishika kidogo, ikatulia. Muda kidogo Bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hewa, "Hapa pazuri pa kupumzika." Baba akasimama chini ya mghafu. Bibi akashuka na mkongojo wake, akaenda nyuma kwenye karavani kama mtu anayeingia chumbani kwake kuchukua mtandio, akafunga mlango. Sisi watatu tukageuka upande wa pili tukaliangalia jangwa kama watu ambao hawajapata kuliona. Baba hata akanionesha ndege. Bibi akatoka, uso mkavu, na mabega yake yamenyooka kuliko nilivyowahi kuyaona. "Twendeni," akasema. "Mbona mmesimama?"

Tulipofika kwenye kile kilima niliushika mkono wa Mama. Injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito, na tukapanda tu, bila ya hadithi. Juu yake nikaona mteremko alioutaja Umm Said, mrefu, unapinda. Baba akashusha gia. Karavani ikatusukuma mgongoni, nikaihisi, na pikapu ikaikatalia. Tulishuka hivyo, polepole, nyumba imeshikwa, na Bibi ambaye aliisoma Ayatul Kursiy njia yote akanyamaza katikati akamwambia Baba, "Umefanya vizuri, mwanangu." Sijui kama alisema gari au mengine. Baba akakaza macho barabarani, shingo nyekundu.

Uchochoro wa Bi Zuhura kule Sur ulikuwa mwembamba, hata punda wawili wasingepishana. Karavani ikabaki barabarani na watoto wa mtaa wameshaizunguka. Bibi akasema atatembea. Mama akataka kumshika, akakataa. Akajifunga buibui vizuri akaingia uchochoroni na mkongojo wake, kituo kwa kituo, mkono mmoja ukutani, na sisi nyuma yake tumezuia pumzi.

Mlango ulikuwa wazi. Sauti ya mkongojo ule ilikuwa imeshatangulia, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa amesimama pale pale nyuma ya kizingiti, nguo zake nyeupe zisizo pambo, bila ya wanja, bila ya udi, mdogo kuliko nilivyomjua. Vidole vya miguu yake vimegusa ubao wa kizingiti na haviuvuki. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa kutaka kutoka, na hatoki.

Bibi alisimama mbele yake, pumzi zinamwendea mbio. Maneno ya kumhani mtu alikuwa anayajua yote, aliwafundisha wengine. Hayakuja.

"Zuhura," akasema, "nimechelewa, mwanangu."

"Hujachelewa, Dada," Bi Zuhura akasema. "Bado nimo ndani."

Akanyoosha mikono mpaka pale ilipoweza kufika, na Bibi akavuka.